Unamwagilia kwa maji ya mto mchafu? Namna ya kulima mboga bila kupeleka vijidudu sugu sokoni

Kama umewahi kulima bustani Dar hii picha unaijua. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu kashuka mtoni na keni mbili, kakanyaga tope mpaka magotini, kazizamisha zote kwa mpigo mmoja, kapanda nazo zinachuruzika, anamwaga juu ya mchicha ambao kesho yake alfajiri unang'olewa, unafungwa mafungu, unaenda Ilala au Buguruni. Mimi mwenyewe nimefanya hivo miaka mingi bonde la Msimbazi na sikuwa naona shida yoyote, maji ni maji na mchicha unanawiri kwelikweli, kumbe unanawiri kwasababu yale maji yamejaa mbolea ya vyooni.

Kilichonishtua ni mguu. Nilijikata na jembe juu ya kisigino, kidonda kidogo tu, nikafunga kitambaa nikaendelea kushuka mtoni. Siku ya nne kimevimba, nikanunua amoksilini dukani, haikusaidia, nikabadili nikanunua ingine, vilevile. Nilipofika hospitali wakachukua usaha kwa pamba wakaenda kuuotesha maabara, majibu yakaja na orodha ya dawa na mbele ya nyingi kumeandikwa R, yani kijidudu hakizisikii. Nikachomwa sindano wiki nzima. Siwezi kuapa kwamba kile kijidudu kilitoka mtoni, ila daktari aliniuliza nafanya kazi gani, nilipomwambia akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo nikaanza kuuliza, kusoma na kubadilisha bustani yangu tuta kwa tuta. Haya ndo niliyoyashika.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, manake watu wakisikia "vijidudu sugu" wanakata tamaa wanaona hakuna la kufanya. Bakteria sugu ni sugu kwa DAWA, kwa kidonge na sindano. Sio sugu kwa moto, sio sugu kwa jua kali, sio sugu kwa klorini, na nje ya tumbo la mtu au mnyama wengi wao wanakufa siku hadi siku kama wenzao wasio sugu. Akishaingia mwilini ndo dawa nyingi hazimuwezi, lakini huku nje bado tunamuweza. Kwaiyo kazi yote ya mkulima ni kumuua au kumzuia kabla hajafika kwenye sahani ya mtu, na hiyo kazi haihitaji digrii.

Sasa kwanini mto? Mtu akimeza amoksilini zaidi ya nusu yake inatoka kwenye mkojo ikiwa bado ni dawa, haijavunjika. Kuku, ng'ombe na nguruwe wanaopewa tetrasaiklini nao hivohivo. Vyote hivyo vikikutana mtoni pamoja na kinyesi chenye bakteria waliokwisha kuzoea dawa, unapata mahali ambapo walio dhaifu wanakufa na walio sugu wanabaki wanazaliana. Alafu kuna jambo baya zaidi. Bakteria anaweza kumpa mwenzake ule usugu, hata kama sio wa aina yake, kupitia kijipande cha vinasaba kinaitwa plasmidi. Ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani, unaenda na kifuu chako unapewa kaa, jirani jiko lake halizimiki na wewe sasa una jiko linalowaka. Ndo maana hata bakteria wa mtoni asiyemdhuru mtu anahesabika, anaweza kuwa ndo anayemtunzia mwenzie moto.

Na sio jambo la kwetu tu. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti walichukua maji New Delhi, India, kwenye madimbwi na mifereji ya mitaani sampuli 171, wakakuta 51 zina kinasaba kinachoitwa NDM-1, kinachowafanya bakteria wasisikie hata zile dawa za mwisho za hospitali, na hata kwenye maji ya bomba sampuli 2 kati ya 50 kilikuwepo. Kwa dunia nzima mwaka 2019 ilikadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria wasiosikia dawa, na Afrika chini ya Sahara ndo tuliumia zaidi ukilinganisha na idadi yetu. Tanzania wizara inaita hili tatizo UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, labda umeona mabango.

Basi tuanze.

HATUA YA 1: Fuata mto kwenda juu, ujue unazinywesha nini mboga zako

Kabla ya kununua chochote vaa mabuti, tembea kufuata mto kuelekea unakotoka, angalau nusu saa, na daftari. Andika kila bomba, kila mfereji, kila zizi, kila choo kilichoegemea ukingo. Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu ukiwa na maji ya kawaida kabisa, unavyoteremka Tabata, Vingunguti, Kigogo mpaka Jangwani unazidi kubadilika. Vingunguti pale kuna machinjio, kuna mabwawa ya majitaka, kuna makazi yamebanana. Bustani iliyo juu ya sehemu kama hiyo na iliyo chini yake haziwezi kuwa na maji sawa hata kama ni mto uleule na rangi ya maji ni ileile.

Vya kuogopa zaidi, kwa mpangilio wangu mimi: maji yanayotoka hospitali au zahanati, majitaka ya vyoo, machinjio, mabanda makubwa ya kuku na nguruwe. Maji ya kufulia yana povu linatisha macho ila kwa habari ya usugu sio ya kwanza.

Na mvua. Wote tunajua mvua kubwa ikinyesha usiku mitaa ya bondeni watu wanatapisha vyoo, wanatoboa shimo kinyesi kiende na mafuriko. Maji ya siku moja mpaka tatu baada ya mvua ya kwanza ndo mabaya kuliko yote mwaka mzima, tope la chini limetibuka na vyoo vimefunguliwa. Siku hizo usichote kabisa, na bahati nzuri ardhi inakuwa imelowa haihitaji.

HATUA YA 2: Pima, usikisie

Maji meupe sio maji safi na maji ya kahawia sio lazima yawe na kinyesi, macho hayaoni bakteria. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na vyuo vyenye maabara ya mikrobiolojia wakati mwingine wanapokea sampuli kwa malipo. Mkiwa kikundi cha wakulima kumi mnachangia, haiumi.

Omba kwao chupa iliyotakaswa, usitumie ya soda hata ukiiosha. Nenda pale unapochotea kila siku, sio mahali pazuri penye maji yanatiririka ili majibu yapendeze. Simama ukiangalia maji yanakotoka ili tope la miguu yako liende nyuma yako, fungua chupa bila kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, izamishe ikiwa imeinama mpaka kama sentimita 30 chini ya uso, mdomo ukielekea mkondo. Usijaze mpaka juu. Funga, andika tarehe, saa, mahali, weka kwenye kibebeo chenye barafu na uifikishe maabara ndani ya masaa 6 ukiweza, ikizidi masaa 24 majibu hayana maana tena.

Waambie unataka idadi ya E. koli kwenye mililita 100, huyo ni bakteria wa tumboni, akionekana kwenye maji ujue kuna kinyesi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani waliweka kiwango kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi kolifomu za kinyesi (jamii ya bakteria ambayo E. koli yumo) 1,000 kwenye mililita 100, mwongozo wao wa 2006 ukaacha kung'ang'ania namba moja ukasema angalieni safari nzima kutoka mtoni mpaka mdomoni, nitarudi hapo. Lakini ile 1,000 bado ni kipimo kizuri cha kujipima. Ukiona makumi elfu au malaki usizimie, ndo hali ya mito mingi ya mijini.

Alafu uliza kama wanaweza kupima usugu. Kinachofanyika ni rahisi kuelewa, niliwahi kuoneshwa. Maji yaleyale wanayapanda kwenye visahani viwili vyenye chakula cha bakteria, kimoja cha kawaida, kingine kimechanganywa na dawa inaitwa sefotaksimu. Wanaviweka kwenye joto la mwili usiku kucha. Asubuhi kile cha kawaida kimejaa vidoa, na kile chenye dawa kilitakiwa kiwe kitupu. Niliposhika kile cha pili kilikuwa na vidoa vya kuhesabika, vimekaa vinang'aa juu ya dawa kama vile haipo. Hao ndo wanaoitwa wa ESBL, yani bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa za namna hiyo, na Shirika la Afya Duniani wanataka kila nchi ihesabu hao hao kwa binadamu, kwa mifugo na kwenye maji ili kujua hali inaelekea wapi.

Pima mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika.

HATUA YA 3: Chagua cha kupanda kulingana na maji

Hii haina gharama na inaokoa sana. Maji yakiwa mabaya usipande kitu kinacholiwa kibichi. Saladi, giligilani, matango, karoti, nyanya zinazotambaa chini, kitunguu cha majani, hivyo viache kwa wenye maji ya bomba. Panda mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, mnafu, bamia, vitu ambavyo Mtanzania hali bila kuchemsha. Kupika mboga ikaiva kunaua karibu kila bakteria, sugu na asiye sugu, mwongozo wa 2006 unasema mpaka viumbe 999,999 katika milioni moja. Kuna wenzetu wamehamia migomba na maua kabisa na wanaendelea vizuri.

Ila usiseme "watachemsha huko mbele" ukaishia hapo. Yule mama anayechambua mchicha anashika majani kwa mkono alafu anakata kachumbari kwa kisu kilekile, ubao uleule. Fungu limewekwa juu ya nyanya kwenye genge. Hapo ndo kijidudu kinapita kwenda kwa mtoto.

Na niseme wazi, kama juu ya bustani yako kuna viwanda, gereji au dampo, kuna shida ya risasi na kadmiamu na vyuma vingine. Hayo kuchemsha hakutoi, klorini haitoi, jua halitoi. Hapo jibu ni kuhama chanzo cha maji au kuhamisha bustani, hatua zote za chini hazitakusaidia kwenye hilo.

HATUA YA 4: Usichote mtoni moja kwa moja, tuliza maji kwanza

Hapa ndo pananifurahisha kwasababu unaona kwa macho. Chimba mashimo matatu karibu na bustani, langu moja lina urefu wa kama mita mbili, upana mita moja na nusu, kina mita moja hivi, tandika turubai zito ili maji yasizame. Jaza la kwanza leo, la pili kesho, la tatu keshokutwa. Siku ya nne unachota la kwanza. Kwaiyo maji unayotumia yamekaa siku tatu, tope limeshuka chini na mayai ya minyoo yameshuka nalo, bakteria wengi wamezama wakiwa wameshikana na tope na walioko juu wamepigwa na jua. Mimi shimo langu siku ya kwanza ni rangi ya chai ya maziwa, siku ya tatu naona mkono wangu mpaka kwenye kiwiko.

Lakini kuna namna ya kuharibu kazi yote hii kwa sekunde moja, nayo ni kuingia na miguu. Ukishuka ndani ya shimo na keni umetibua kila kitu kilichotulia na unarudi ulikoanzia. Weka ubao au jiwe pembeni, piga goti, chota juu kwa taratibu, keni isiguse chini. Ukifika robo ya mwisho acha, hayo ya chini mwagia mgomba, kwangua tope, anza upya.

Mbu. Swali la kila mtu. Kwenye joto letu yai la mbu mpaka kuwa mbu anayeruka inachukua zaidi ya wiki, kwaiyo shimo linalotumika na kukaushwa kila baada ya siku nne halikuzi mbu. Ukisafiri ukaliacha limejaa ndo unawafugia jirani zako malaria, kwaiyo kausha kabla ya kuondoka.

Mwenye uwezo apitishe maji kwenye pipa la mchanga baada ya kutuliza, kokoto chini, mchanga uliooshwa juu. Na usihangaike kumwaga klorini kwenye maji ya mto ya kumwagilia, uchafu unaila klorini yote kabla haijafika kwa bakteria, utapoteza hela na mimea itaungua.

Kisima kifupi je? Mchanga unachuja vizuri, ila kama vyoo vya shimo vimekizunguka umebadilisha jina tu. Kipime kama ulivyopima mto. Na kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na kuchukua maji kuna kibali chake kwenye bodi ya maji ya bonde, kwa Msimbazi ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Nenda kauliza kabla hujachimba, ni heri kuliko kubomolewa.

HATUA YA 5: Mwagilia mzizi, usimwagilie jani

Bakteria aliyeko kwenye udongo bado hajafika kwa mlaji, aliyeko kwenye jani amefika nusu ya safari. Ukimwaga keni ukiwa umeinua mpaka kifuani maji yanapiga chini kwa nguvu, udongo unaruka na kushika chini ya majani, angalia mchicha wa hivo utaona vidoa vya tope upande wa chini, na upande huo jua halifiki. Shusha keni chini ya magoti, tumia yenye kichujio cha matundu madogo, mwaga kwa upole. Weka nyasi kavu katikati ya mistari kuzuia kuruka.

Bora zaidi ni matone. Ukiwa na mipira ya matone vizuri, usipokuwa nayo chupa za maji za lita moja na nusu zinafanya kazi kwa bamia na majani ya maboga, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina. Kwa mchicha uliosongamana hazifai, huko baki na keni ya chini.

HATUA YA 6: Siku za mwisho kabla ya kuvuna, maji ya mto MARUFUKU

Kama utafanya kitu kimoja tu kwenye huu mwongozo fanya hiki. Bakteria wa kinyesi akiwa juu ya jani kwenye jua na upepo hana maisha marefu, kwa siku moja wanaweza kufa kuanzia theluthi mbili mpaka 99 katika kila 100, inategemea jua na ukavu. Wakulima wa mboga huko Ghana walijaribu hili pamoja na watafiti, kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, na vijidudu vilipungua kweli. Tatizo lilikuwa mboga kunyauka na uzito kupungua, na sisi Dar na hili joto ni hivohivo, ukimuachia mchicha siku tatu bila maji Januari utavuna kamba.

Nilichofanya mimi ni kubadilisha maji badala ya kuacha. Mchicha wangu unavunwa siku ya 25 mpaka 30. Siku zote za mwanzo natumia maji ya shimo. Siku tatu za mwisho natumia ya bomba. Tuta langu moja linakunywa ndoo mbili za lita 20 kwa siku, kwaiyo ni ndoo sita tu za maji ya kununua kwa tuta kwa msimu mzima, sio maji yote kama watu wanavyodhani nikiwaambia "tumia maji safi". Piga hesabu ya ndoo kwa bei ya mtaani kwako uone kama fungu haliwezi kubeba.

Sasa angalia jinsi hatua zinavyobebana, na hii ndo maana ya ule mwongozo wa 2006. Chukua mfano wa vijidudu 100,000 vinaanza safari mtoni. Shimo la kutuliza likiondoa tisa katika kila kumi vimebaki 10,000. Siku tatu za mwisho bila maji ya mto, tuseme zikiondoa 99 katika 100, vimebaki 100. Kuosha kwa maji safi tisa katika kumi, vimebaki 10. Kupika, hakuna kitu. Hakuna hata hatua moja hapo iliyokuwa kamilifu.

HATUA YA 7: Mbolea ya kuku kukauka tu hakuifanyi iwe salama

Unaweza kuhangaika na maji yote hayo alafu ukaleta viroba vya mbolea ya kuku wa nyama ambao walikuwa wanakunywa oksitetrasaiklini kwenye maji tangu siku ya kwanza. Umeleta bakteria sugu na dawa yenyewe mpaka kwenye mzizi. Muulize mfugaji, kuku hawa walipewa dawa gani na lini. Kama ni kila wiki "kuzuia magonjwa", mwambie ukweli kwamba hilo ndo linazalisha usugu, chanjo na usafi wa banda ndo kinga.

Mbolea mbichi kwa kilimo hai huko Marekani sheria inataka ikae siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha una siku 30, kwaiyo mbichi haiwezi kuingia kwenye mchicha hata kidogo. Ivundike kwanza. Rundika na majani makavu, lowanisha kama kitambaa kilichokamuliwa, funika. Chomeka nondo katikati, baada ya siku mbili tatu ichomoe uishike, kama unaweza kuikamatilia bila kuachia bado haijafika. Inatakiwa nyuzi 55 na zaidi, kwa rundo la wazi wiki mbili ukiligeuza mara tano hivi ili la nje liingie ndani. Baada ya hapo iache itulie ipoe.

HATUA YA 8: Usioshe mboga mtoni

Hapa naomba nisikilizwe kwasababu ndo pananiuma. Umefanya yote, umenunua maji ya bomba siku tatu, alafu mchuuzi anakuja na pikipiki saa kumi alfajiri, anabeba mafungu anayachovya mtoni ili tope litoke na majani yasimame. Kwa ile sekunde moja yamerudi kuwa mtoni. Na njiani na genge anaendelea kuyanyunyizia maji ya ndoo ileile kutwa nzima.

Weka beseni mbili za maji safi palepale shambani, ya kwanza kutoa tope, ya pili kusuuza, badilisha yakianza kuchafuka. Mpe mchuuzi wako dumu la maji safi la kunyunyizia, mimi nampa bure. Viroba vya kubebea visiwe vya mbolea.

HATUA YA 9: Jikoni

Nyumbani osha chini ya maji yanayotiririka au badilisha maji mara mbili tatu, jani kwa jani. Kinacholiwa kibichi ambacho huna uhakika nacho, osha tope kwanza, alafu loweka kwenye klorini: ile dawa ya kufulia isiyo na manukato iliyoandikwa haipokloraiti (hypochlorite) asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 10 za maji safi, dakika 5 mpaka 10, kisha suuza na maji ya kunywa. Soma lebo, zipo zenye nguvu tofauti. Usichanganye na siki wala sabuni. Chumvi peke yake inatoa wadudu wanaoonekana, kwa bakteria haina nguvu hiyo. Kisu na ubao wa kachumbari uwe mbali na wa kukatia mchicha mbichi.

HATUA YA 10: Mwili wako ndo wa kwanza

Mlaji anakula fungu moja, wewe unakanyaga yale maji kila siku. Mabuti na glavu, na ukiwa na kidonda hata cha mwiba funika na plasta isiyopitisha maji au mtume mwingine achote. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usile shambani huku umekaa juu ya keni. Mtoni kuna kichocho pia, mabuti yanakukinga na vyote viwili.

Ukiugua, kuhara kwa damu, mkojo kuunguza, kidonda kuvimba, mwambie daktari kwamba unafanya kazi na maji ya mto wa mjini na umeshatumia dawa gani, usifiche. Omba waoteshe mkojo au usaha kama inawezekana. Usinunue vidonge vinne vya siprofloksasini dukani ukaacha ukipata nafuu, usimpe mwenzio vilivyobaki, na dawa zilizoisha muda usizitupe chooni kwasababu choo kile tunajua mvua ikinyesha kinaelekea wapi. Zirudishe duka la dawa au kituo cha afya uwaulize.

HATUA YA 11: Fuatilia kinachotoka juu

Hatuwezi kuchujia uchafu wa mji mzima kwenye mashimo matatu. Ule mchoro wako wa hatua ya kwanza pamoja na majibu ya maabara peleka ofisi ya serikali ya mtaa, nakala kwa bodi ya bonde na ofisi ya taifa ya mazingira, ile tuliyoizoea kama NEMC, mkiwa kikundi na sahihi zenu. Picha iwe na tarehe, saa, na kitu kinachotambulisha mahali. "Mto mchafu" hakuna anayeshughulika nayo, lakini "bomba la nchi nne, upande wa kushoto, mita 200 juu ya daraja, linamwaga kila usiku saa tano" kuna mtu atalazimika kwenda kuangalia.

Cha mwisho ni kibao. Kwenye kila tuta langu nimechomeka kipande cha ubao, nimeandika kwa makapeni tarehe mbili tu: siku niliyopanda, na siku ya mwisho lilipoguswa na maji ya mto. Mchuuzi akija asubuhi anasoma ile tarehe ya pili, ikiwa haijafikisha siku tatu anajua mwenyewe kwamba tuta hilo bado, anaenda linalofuata.